Namba Haipandi

Mambo hayakuharibika siku ile waliyoiandika watu wa hospitali. Wao wameandika Ijumaa, siku ya kutapika damu, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ambayo hata kipofu angeona. Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe tisa, asubuhi, pale nesi wa dirishani alipotoa kichwa nje, akalitazama benchi lililojaa wagonjwa, akasema kwa sauti ya kunadi nyanya:

"Mama Mchicha yuko wapi? Daktari anasema hunywi dawa. Namba haipandi."

Benchi zima likageuka. Mama Mchicha, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa mafungu yake ya majani mabichi kando ya barabara kuu, aliinuka taratibu, mkono mmoja ukiwa chini ya mbavu.

"Nakunywa," alisema. "Kila jioni nakunywa."

"Kamwambie daktari. Mimi nasoma tu karatasi."

Mume wake, dobi, alikuwa ameegemea ukuta, ameshika mkoba wa mkewe. Aliona mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, na yule mwenzake akichekea puani. Dobi alikuwa amefua suruali za ndani za watu wa kila aina bila kuona haya, lakini kicheko kile kilimwingia. Na badala ya kumkasirikia nesi, kwa dakika ile alimkasirikia mke wake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umechelewa kujulikana. Ulianza kwa tumbo kuuma na kujaa hata akila vijiko viwili. Zahanati wakamwambia ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa nyeupe ya chupa, ikaisha, wakampa nyingine. Jirani akasema ni mimba; mwenyewe akajibu kwamba kwa umri wake hiyo itakuwa mimba ya mjukuu. Hospitali kubwa wakampiga picha ya tumbo wasione kitu, maana mashine yao ilionyesha nyama tu, haikuonyesha damu inavyotembea. Wakaelekezwa kwenye nyumba ya vipimo iliyo ng'ambo ya barabara, mali ya bwana mmoja ambaye asubuhi ni mkubwa wa hospitali ile ile isiyo na mashine ya kuonyesha damu. Dobi akauza pasi yake ya umeme, akabaki na ya mkaa.

Kule fundi wa picha alimpaka ute wa baridi tumboni, akageuza kioo ili waone. Mishipa mingine ilikuwa inawaka rangi, nyekundu na buluu. Mmoja, ule mnene kuliko yote, ulikuwa mweusi.

"Huu ndio unaokusanya damu kutoka kwenye matumbo na kuipeleka kwenye ini," alisema. "Umeziba. Damu imegandia ndani."

Damu iliyokosa njia ilikuwa imerudi nyuma. Bandama lilikuwa limevimba, na mishipa midogo ya kwenye koo la chakula imejaa kupita kiasi, kama vichochoro siku barabara kuu imefungwa. Waliporudi hospitali wakampitishia mrija wenye kamera mdomoni, wakaifunga ile iliyovimba zaidi kwa vipete vya mpira, wakamwambia atarudi wamalizie iliyobaki. Ndipo akaanzishiwa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, na kila wiki alitakiwa kupimwa damu ili isomwe namba.

Hiyo namba ndiyo iliyokuwa haipandi.

Daktari wa kliniki, wagonjwa walimwita Bwana Dozi, hakuinua macho walipoingia.

"Damu yako inatakiwa isomeke kati ya mbili na tatu," alisema. "Wewe hata moja na nusu hujafika. Ikibaki chini, damu itazidi kuganda mpaka utumbo uoze. Ikipita juu, utavuja. Mnaelewa?"

"Tunaelewa, daktari," dobi alisema.

"Hamwelewi. Mngeelewa angekunywa."

"Anakunywa."

"Umemwona?"

Dobi alisita. Jioni ndiyo saa yake ya kupiga pasi, na mtu mwenye pasi ya mkaa haachi makaa yapoe. "Huwa niko kazini," alisema.

"Basi hujamwona." Bwana Dozi akaandika. "Naongeza dozi. Na wewe mzee, kuanzia leo msimamie. Hawa huweka kidonge chini ya ulimi, ukigeuka wanatema."

Mama Mchicha alivuta pumzi. "Daktari, labda kuna kitu kingine kinachofanya isipande."

"Kitu gani?"

"Mimi sijui. Ndiyo nakuuliza wewe."

"Anayefuata," Bwana Dozi alisema.

Chakula cha jioni cha nyumba ile kilikuwa na rangi moja. Mchicha ukilala, asubuhi umenyauka, hakuna anayeununua hata kwa ajili ya mbuzi. Kwa hiyo kilichokataliwa na wateja ndicho kilichoingia chunguni. Siku biashara ikiwa mbaya, chungu kilijaa. Tangu aanze kuumwa, Mama Mchicha alikuwa anawahi kufunga biashara, na chungu kilijaa karibu kila siku. Walikula majani na wali, majani na viazi, na mara nyingine majani yenyewe tu.

Dada yake dobi alikuwa amekuja kuwaona. Mwanamke mnene, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alifunua chungu akakifunika tena.

"Wifi, mtu wa nyumba hii akijikata kidole, nahisi itatoka damu ya kijani."

"Kula unyamaze, wifi. Kwako kuna nini cha kuringia?"

"Kwangu kuna ugomvi. Huo nao unashibisha."

Wakacheka. Dobi hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji na kidonge kwenye kiganja, kama askari aliyeleta barua ya kuitwa mahakamani.

"Chukua."

Mama Mchicha akachukua, akaweka mdomoni, akanywa maji.

"Fumbua mdomo."

"Nini?"

"Fumbua nione. Daktari amesema."

"Mbele ya wifi yangu?"

"Mbele ya yeyote. Fumbua."

Dada mtu alijaribu kuligeuza mzaha. "Kaka, tazama vizuri, huenda ameficha humo na lile sufuria langu lililopotea." Lakini hakuna aliyempokea. Mama Mchicha alimtazama mumewe kwa muda, kisha akafumbua mdomo, akainua ulimi. Dobi akasogeza taa, akachungulia. Hapakuwa na kitu. Alirudisha taa mezani, na mkewe akaendelea kutafuna majani, sasa polepole, kama mtu anayekula nyumbani kwa watu.

Ikawa desturi. Akitoka kwenda chooni baada ya dawa, dobi aliacha pasi akamfuata, akasimama nje ya mlango wa bati, akasikiliza.

"Unasikiliza nini?" mkewe aliuliza siku moja kutoka ndani.

"Sisikilizi."

"Basi kohoa kidogo nijue uko wapi, nisije nikatema ukakosa kushuhudia."

Namba bado ilisuasua, Bwana Dozi akaongeza tena dozi. Safari hii ikapanda, ikavuka mbili. Siku hiyo ndiyo pekee ambayo daktari yule aliinua macho.

"Mnaona?" alisema. "Ukisimamiwa, unakunywa."

Walitoka, wakavuka uwanja wa hospitali, wakapita kwenye geti. Njiani dobi alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua muda mrefu, akasema neno moja tu: "Kumbe."

Mkewe alisikia. Alitembea hatua kadhaa mbele yake, na mpaka wanafika nyumbani hakumpa mkoba ambebee.

Wiki ile ile wakubwa wa mji walikuwa na wageni. Wageni wakija, mji huoga. Na mji ukioga, povu lake ni watu wadogo. Askari wa mji walifika na lori wakati wauza mboga ndio wanamalizia kupanga. Hakuna aliyepewa muda wa kufunga mizigo. Meza zilivunjwa, mafungu yakamwagwa, mabuti yakapita juu ya majani.

"Mkuu," Mama Mchicha alimwambia aliyeshika makaratasi, "niache nichukue haya yaliyobaki chini, nikapike."

"Ni uchafu huo, mama. Umeshaandikwa uchafu."

"Tunahamishiwa wapi?"

"Mtatangaziwa."

Hawakutangaziwa. Alirudi nyumbani na karai tupu, akalilaza kifudifudi uani, na dobi, kwa upande mmoja wa moyo wake, akaona afadhali: sasa mgonjwa atapumzika. Walianza kula maharage. Lilikuwapo gunia nusu, dada mtu alileta. Majani hayakuonekana tena ndani ya nyumba ile, kwa maana muuza mboga hanunui mboga. Akinunua, anajiona amejizika mwenyewe. Kila jioni kidonge kilimezwa kama kawaida, dozi ile ile kubwa iliyopandishwa mara mbili.

Siku ya kupima damu walipofika dirishani, nesi alikuwa anakunywa chai.

"Leo hakuna kipimo. Dawa ya kupimia imeisha."

"Lini itakuwepo?" dobi aliuliza.

"Ikiagizwa."

"Nani anaagiza?"

"Wakubwa."

"Wakubwa wako wapi?"

"Baba, wagonjwa wako wengi. Endeleeni na dozi ile ile."

"Na ile kamera ya mdomoni? Walisema arudi wamalizie kufunga mishipa."

"Mrija umepelekwa kutengenezwa."

Mama Mchicha alisogea. "Nesi, fizi zinanitoka damu nikipiga mswaki."

"Nunua mswaki laini."

Wiki iliyofuata walirudi, wakaambiwa yale yale. Dobi aliomba kumwona Bwana Dozi, akaambiwa yuko kwenye mkutano wa maandalizi ya wageni. Aliomba kumwona mkubwa wa Bwana Dozi, akaonyeshwa ofisi. Pale ofisini akaonyeshwa ofisi nyingine. Na ile nyingine ikamrudisha dirishani. Danadana ya aina hiyo hata mpira huchoka.

Mikono ya Mama Mchicha ikaanza kuwa na mabaka ya zambarau. Akigusa mlango, baka. Akibeba ndoo, baka. Jirani mmoja aliyaona, akamtazama dobi kwa jicho la pembeni, na jioni akaja na maneno ya kuzunguka.

"Shemeji, mgonjwa hapigwi."

"Nani amempiga?"

"Mimi sijasema. Nimesema mgonjwa hapigwi."

Dobi aliingia ndani akakaa kitandani. "Wanasema nakupiga," alimwambia mkewe.

"Wamwambie Bwana Dozi," mkewe alisema. "Atakuandikia usimamiwe."

Ijumaa asubuhi Mama Mchicha alikuwa anamsaidia kusuuza mashuka ya nyumba ya wageni. Alisema anasikia kichefuchefu, akainama, na maji ya karai yakawa mekundu. Dobi alidhani ni shuka limechuja rangi. Akainama mara ya pili, ndipo akaelewa.

Alimbeba kwenye mkokoteni wa muuza maji, madumu yameachwa njiani, yeye akisukuma na mwenye mkokoteni akivuta. Getini mlinzi aliuliza kama wana kadi.

Wodini walimkuta daktari wa kike, kijana, macho mekundu kwa kukesha. Huyu hakuuliza kadi. Alitafuta mshipa, akaweka dripu, akaagiza damu, akatuma ndugu wakatolewe; dada mtu alikunja mkono wake mnene akasema wachukue mpaka wachoke. Maabara ya dharura walikuwa nayo dawa ya kupimia, ile ile iliyokwisha kule dirishani. Namba ikarudi. Yule daktari aliitazama mara mbili.

"Iko ngapi?" dobi aliuliza.

"Imepita tisa."

"Si walikuwa wanataka ipande?"

Daktari akavuta dawa ya manjano kwenye sindano.

"Hiyo ni ya nini?" dobi aliuliza.

"Vitamini. Inaisaidia damu irudi kuganda. Ni ile ile iliyomo kwenye mboga za majani." Alikuwa anaisukuma taratibu kwenye dripu. Kisha akasita, akamtazama mgonjwa usoni, kama anayekumbuka alikomwona. "Mama, wewe si ndiye uliyekuwa unauza mchicha pale barabarani?"

Mama Mchicha akafumba macho kusema ndiyo.

"Na nyumbani mlikuwa mnakula?"

"Kila siku ya Mungu," dobi alisema. "Uliobaki ndio chakula chetu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka askari wa mji walipobomoa. Sasa tunakula maharage."

Daktari alimaliza sindano. Alipozungumza, alizungumza chini, kama anayesema na nafsi yake. "Majani yalikuwa yanapigana na dawa. Wakapandisha dozi juu ya majani. Majani yakaondoka, dozi ikabaki."

Dobi alimgeukia mkewe, kisha daktari. "Kwa hiyo alikuwa anakunywa."

"Alikuwa anakunywa."

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, mzee."

"Kwani majani ni sumu?"

"Hapana. Mtu anaweza kula kila siku, dozi ikapangwa kufuatana nayo. Kinachotakiwa ni yasibadilike ghafla. Ndiyo maana mgonjwa anaulizwa anakula nini."

"Anaulizwa na nani?"

Yule daktari alitazama mlangoni, kisha akashughulika na dripu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Dobi alimkuta Bwana Dozi ukumbini, amevaa tai.

"Mke wangu alikuwa anakunywa dawa," alisema.

"Mzee, niko njiani."

"Alikuwa anakula mchicha. Ndiyo maana namba haikupanda. Hukumuuliza."

"Mgonjwa anatakiwa aeleze."

"Aeleze kwamba amekula chakula? Alikwambia labda kuna kitu kingine. Ukamwita anayefuata."

"Naona wagonjwa wengi kwa siku. Siwezi kumuuliza kila mtu amepika nini."

"Ulipata nafasi ya kuuliza kama anatema."

Bwana Dozi alitazama huku na huku. Nesi wa dirishani alikuwa anapita. Akapunguza mwendo, akaongeza mwendo. "Tusitafute mchawi," Bwana Dozi alisema. "Cha muhimu sasa apelekwe kwenye hospitali yenye kamera, mishipa ifungwe. Gari likirudi ataondoka."

"Gari liko wapi?"

"Liko kwenye msafara wa wageni. Utaratibu unataka msafara uwe na gari la wagonjwa."

"Kuna mgeni anaumwa?"

"Hakuna. Ni utaratibu."

Lile gari lilirudi alasiri, limeoshwa, na bendera ndogo mbili mbele ambazo dereva alisahau kuzitoa. Lilimchukua, likaondoka likilia king'ora. Mama Mchicha alitapika tena njiani, na waliposhusha kitanda kwenye hospitali yenye kamera hapakuwa tena na mgonjwa wa kufungwa mishipa. Ofisi ya mkubwa imesema jambo linachunguzwa. Ofisi ya mji imesema haihusiki na mambo ya hospitali. Bwana Dozi amehamishiwa kliniki nyingine, na wanasema huko kuna kiyoyozi.

Kabla ya gari kurudi walikuwa wamekaa wawili tu, pazia limevutwa. Mama Mchicha alikuwa na weupe wa shuka lililorudiwa kufuliwa. Dobi alikuwa ameinama karibu na uso wake, anaongea haraka, hasira imempa maneno ambayo kwa kawaida hana.

"Sitaacha. Nitakwenda kwa mkubwa wao, akinifukuza nitakwenda kwa mkubwa wa mkubwa. Yule nesi nitamuuliza nani alimtuma kukutangaza mbele ya watu. Yule mwenye tai nitamuuliza kwa nini hakukuamini. Na wale wa lori. Wote nitawauliza, mmoja mmoja, mpaka waseme."

"Waulize," alisema Mama Mchicha. Alikuwa anamtazama bila ugomvi, kama anavyotazamwa mteja wa zamani aliyezoea kupunguziwa bei. "Ni haki yako, mume wangu. Waulize wote kwa nini hawakuniamini." Akapumzika kidogo, akalamba midomo iliyokauka.

"Na wewe," alisema, "atakuuliza nani?"